Bahasha Tano na Kipande cha Kanga: Hotuba kwa Watengeneza Kadi

Hotuba hii, kuhusu kutengeneza albamu ndogo ya picha kwa mkono, niliitoa mbele ya watengeneza kadi na wapambaji wenzangu hapa Dar es Salaam. Waliokosa kufika wameomba niiweke yote, nami nimeiweka kama ilivyosemwa. Picha nilizokuwa nikizionyesha ukutani nimeziacha, ila vipimo vyote vimo.

Asalaam aleikum! Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe!

Mwenyekiti wetu, mama zangu mliotutangulia kwenye kazi hii, dada zangu, kaka zangu, na nyie vijana mliojipanga kule nyuma karibu na chai: itifaki imezingatiwa. Nimepewa nusu saa na mwenyekiti ameshaweka simu yake mezani inahesabu, kwa hiyo tuanze.

Naomba niulize. Nani hapa ana boksi la bahasha nyumbani ambazo hazijatumika? Nyoosheni mikono. Haya. Nani ana manila za krimu na maruni alizonunua Kariakoo akiutegemea msimu wa harusi, na msimu umepita? Nani ana riboni imebaki nusu roli, shanga za kubandika, lasi, vipande vya kadi vilivyobaki baada ya kukata? Naona mikono. Hata mwenyekiti kanyoosha.

Kilichotokea tunakijua wote. Zamani kamati ya harusi ikikaa kikao cha kwanza, kabla hata soda hazijafunguliwa, mtu anauliza: kadi za mchango anatengeneza nani? Leo kadi inachorwa kwenye simu, inarushwa kwenye grupu la WhatsApp, na chini yake kuna namba ya kutuma pesa. Sendofu hivyo hivyo. Kicheni pati hivyo hivyo. Ubarikio, maulidi, arobaini ya mtoto, vyote vimehamia huko. Mimi sikulaumu huko kuhama, maana mchango ukiingia haraka harusi inafanyika na mimi nakula pilau. Lakini bahasha zangu ziko kabatini, na zako ziko uvunguni.

Sasa tazama upande wa pili. Mtu huyo huyo aliyealikwa kwa simu, amepiga picha kwa simu. Amepiga nyingi. Ziko wapi? Ziko kwenye simu, katikati ya risiti za kutuma pesa, matangazo ya viwanja na picha za "Asubuhi njema" kutoka kwa mashangazi. Mwambie akutafutie picha ya mama yake siku ya sendofu, atateleza na kidole mpaka chai ipoe. Kazi ya kualika imekwenda. Kazi ya kutunza ipo, haina mwenyewe, na inahitaji vitu vile vile vilivyo uvunguni mwako: manila, bahasha, gundi, riboni, na mkono unaojua kukunja. Nimekuja kuwaambia habari za albamu ndogo, ile ya kutengeneza kwa mkono, inayoingia kwenye pochi.

Na asije mtu akadhani nawavusha kwenda kwenye kazi ya watu wengine. Albamu ya picha imezaliwa na kadi. Mwaka 1854, kule Paris, mpiga picha aliyeitwa André Disdéri alipata hataza, yaani haki rasmi ya mbunifu, ya kupiga picha ndogo kadhaa kwenye kioo kimoja cha kamera, kilichofanya kazi ya filamu. Kila picha ikikatwa inabandikwa kwenye kadi ngumu ya kama sentimita 6 kwa 10. Watu wakazipenda, wakapeana, wakarundika, mezani kukajaa. Ilipofika miaka ya 1860 watengenezaji wakawa wanauza albamu zenye kurasa zilizotobolewa nafasi za kuchomekea hizo kadi. Mmeona mpangilio? Kadi kwanza, albamu baadaye. Sisi tuko upande wa aliyetangulia.

Na pwani yetu hii, kitabu cha mkono si kigeni. Kule Siyu, kisiwani Pate, karne za 18 na 19 watu walinakili misahafu kwa kalamu na wino, wakaipamba pambizo kwa wekundu, njano na weusi. Hakukuwa na mashine. Kulikuwa na mkono na subira.

Nitasema mambo machache tu. Si mengi, na hayalingani uzito.

La kwanza: anza na picha. Usianze na mapambo.

Nalisema kwa sababu nawajua. Sisi tukiona manila nzuri mkono unawasha. Tunakata, tunabandika lasi, tunaweka ua, tunafunga riboni, halafu mwisho ndipo tunauliza: picha itakaa wapi? Anza na picha. Ziweke mezani zote. Zihesabu. Zipime. Halafu ndipo uguse mkasi.

Kuna mama mmoja alimwoza binti yake hapa mjini. Mpiga picha alimkabidhi flashi yenye picha elfu na zaidi. Mama akaja kwangu, akasema, mwanangu, nataka kialbamu kidogo cha kuweka kwenye mkoba. Nikamwambia achague picha kumi. Nilitegemea achague keki, gari lililopambwa, maharusi wakikata utepe. Mnajua alichagua nini? Alichagua picha za wanawake waliokesha wakimenya vitunguu saumu. Picha za alfajiri, wamefunga vilemba, macho mekundu, mmoja amesinzia na kisu mkononi. Mpishi mkuu kasimama na mwiko mrefu kuliko mtoto aliye pembeni yake. Nikamuuliza, mama, na bibi harusi? Akajibu: "Bibi harusi yuko kwenye video. Hawa hawako popote."

Nikajifunza hapo ninachowaambia leo. Albamu ndogo haiwezi kubeba harusi nzima, na ukiilazimisha inakuwa orodha ya wageni. Inabeba saa moja ya harusi. Inabeba wale wapishi. Inabeba safari moja ya kumpeleka mtoto bweni, au miezi mitatu ya kwanza ya mjukuu, au bibi yenu na mbuzi wake. Mteja akikuletea picha mia, mrudishie kwa upole. Mwambie: nipe kumi. Akishindwa kuchagua, muulize swali alilonijibu yule mama bila kuulizwa: nani hayuko popote?

La pili, na hapa nitakaa sana, kwa hiyo walio na kalamu waandike: kukunja, na kuacha nafasi.

Nianze na kukunja. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi hizo zimelala upande mmoja. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unakuwa laini na ulionyooka. Ukikunja kwa kuzikata nyuzi, manila inapasuka mgongoni na kuonyesha weupe. Wengi wetu tumezoea kuilaumu manila: hii mbovu, imetoka kwa fulani. Manila haina kosa. Ishike kwa mikono miwili, ipinde kidogo bila kuikunja, sikilizia. Igeuze robo, ipinde tena. Upande unaokubali kwa urahisi, huo ndio wa kukunjia. Karatasi za A4 mara nyingi nyuzi zake zinafuata urefu, lakini manila iliyokatwa dukani kutoka kwenye shiti kubwa inaweza kuwa vyovyote. Kwa hiyo jaribu kila pakiti.

Kisha chora mkunjo kabla ya kukunja. Rula, na kalamu iliyoisha wino. Kandamiza, vuta mara moja. Utaona upande mmoja kuna mfereji, upande wa pili kumetokeza kinundu. Kunja kiasi kwamba kinundu kinabaki ndani. Najua wengi tunafanya kinyume, maana macho yanaona mfereji na kudhani ndiko karatasi inakotaka kwenda. Kinundu ndani, mfereji nje. Rudieni na mimi. Kinundu ndani! Vizuri.

Sasa nafasi. Kuna kijana mmoja yuko humu ukumbini, kaniruhusu nisimulie mradi nisimtaje, na mkigeuka kumtafuta mtamwonea tu. Alitengeneza albamu ya mtoto, nzuri sana. Kila ukurasa una shanga, una kipepeo cha manila tabaka tatu, una riboni iliyofungwa fundo. Ukiifungua, unapiga vigelegele. Ukiifunga, haifungi. Mgongo una nusu sentimita, na mbele kumeachama kiasi cha kuingiza ngumi. Aliifunga na mpira wa nywele akaipeleka hivyo hivyo kwa mteja. Kila alichobandika kilikuwa sahihi. Alichokosa ni mahali pa unene kukaa.

Kadi haina tatizo hili. Kadi ina mkunjo mmoja, na ikifura kidogo nani anajali? Kitabu kina kurasa, na kila ukurasa unaoongezewa picha mbele unataka unene ule ule ulipiwe nyuma, kwenye mgongo. Hapa ndipo mtengeneza kadi anapogeuka kuwa fundi wa vitabu, na si kazi ngumu. Ni kukunja tu.

Twende kwa vipimo. Chukua bahasha tano nyeupe za saizi ya C6, zile zinazomeza kadi ya robo ya A4. Bahasha hiyo ina milimita 114 kwa 162. Lamba, funga mdomo wake kabisa. Ndiyo, ifunge ikiwa tupu. Sasa kata milimita tatu upande mmoja wa ubavu mfupi. Umepata mfuko wenye mdomo ubavuni. Weka sarafu pale kwenye mdomo, chora nusu yake, kata: hapo ndipo kidole gumba kitashika kadi ya ndani na kuivuta. Kila bahasha ni ukurasa. Nje unabandika picha mbele na nyuma, ndani unachomeka kadi yenye picha nyingine au barua. Bahasha tano, kurasa kumi za nje, na siri tano za ndani.

Angalizo kwenye kadi ya ndani. Mkono wako umezoea kukata A4 mara nne, unapata sentimita 10.5 kwa 14.8. Kwa kadi ya mwaliko ni sawa. Lakini picha ya studio ya inchi 4 kwa 6 ina urefu wa sentimita 15.2. Inazidi! Itachungulia nje ya kadi na kona zake zitakatika. Kwa hiyo kadi ya ndani ikate 10.8 kwa 15.5. Au mwambie mwenye studio akutolee picha za inchi 3.5 kwa 5, hizo zinakaa kwenye robo ya A4 na kuacha pambizo nzuri ya karibu sentimita moja pande zote. Mimi binafsi napenda hii ya pili. Pambizo inaipa picha heshima, na inakuachia pa kuandika.

Sasa mgongo. Chukua manila ya A4, kata ukanda wenye kimo cha sentimita 11, upana uache ule ule wa sentimita 21. Pima kutoka kushoto: sentimita 1.2, hii itashikana na jalada. Halafu milimita 6. Halafu sentimita 1.5, na 1.5 nyingine. Halafu milimita 6 tena. Endelea hivyo, 1.5 na 1.5, milimita 6, mpaka upate jozi tano, umalize na milimita 6 na ile 1.2 ya mwisho. Jumlisheni wenyewe: inakuja 21 kamili, hakuna kinachobaki wala kinachopungua. Sikupanga hivyo ili kuwafurahisha, lakini nakiri ilinifurahisha.

Kila jozi ya 1.5 inakunjwa isimame, pande mbili zinagundishwa pamoja. Hiyo ndiyo bawaba. Zile milimita 6 zinalala chini, na ndizo nafasi. Bahasha inagundishwa kwenye bawaba kwa ule ubavu ambao hukuukata. Na kwa kuwa mikunjo mingine inapanda na mingine inashuka, chora mingine mbele na mingine nyuma, ili kinundu...? Ndani. Asanteni.

Milimita 6 zinatosha bahasha, kadi yake, picha, na pambo jembamba. Unataka shanga nene? Panua nafasi iwe sentimita moja, uunge kanda mbili. Usiulize itafungaje baadaye. Uliza kwanza.

Jalada sitalichelewesha. Bao mbili, yaani vipande vigumu vya jalada, za sentimita 12 kwa 16.8 na moja ya mgongo yenye upana wa sentimita 4. Jalada la kaunta buku lililokwisha ni zuri kuliko boksi la kawaida, kwa sababu boksi lina mawimbi ndani na likipigwa kona linabonyea. Acha milimita 8 kati ya bao na bao ili lipinde. Funika kwa kitambaa. Na kitambaa usikipake gundi moja kwa moja, itapenya itoke upande wa pili iache madoa. Kitandike kwanza karatasi nyepesi nyuma yake kwa uji wa ngano nitakaoutaja, kikauke, ndipo ukitumie.

Kitambaa gani? Dada zangu, tuna kanga. Nchi nzima ina makanga yaliyochoka ambayo hakuna anayethubutu kuyafanya dekio kwa sababu ya aliyeyavaa. Kata kipande chenye jina, lilaze mbele ya jalada. Nimetengeneza albamu ya marehemu bibi kwa kanga yake mwenyewe, jalada limeandikwa WEMA HAUOZI, na wajukuu hawakuniuliza bei. Walilipa. Lakini ombeni ruhusa kwanza kabla ya kukata kanga ya mtu. Mengine hayakatwi.

Bao zikishavaa kitambaa, zile sentimita 1.2 za pembeni ya mgongo unazigundisha kwenye bao za mbele na nyuma, ndani, halafu unazifunika kwa kipande cha kadi nzuri. Riboni ya kufungia iingie chini ya kipande hicho kabla hakijashikana. Weka chini ya vitabu vizito usiku mzima. Asubuhi usiwe na haraka.

La tatu: gundi, na miaka.

Kadi inaishi wiki mbili. Inapokelewa, inawekwa juu ya friji, harusi ikipita inatupwa. Albamu inatakiwa iishi kuliko aliyeitengeneza. Je, umewahi kutengeneza kadi ukifikiria itakuwaje baada ya miaka thelathini? Hakuna. Wala haikuwa lazima. Sasa ni lazima.

Alinijia mwalimu mmoja mstaafu na albamu yake ya miaka mingi, zile zenye kurasa zinazonata na plastiki ya kufunika juu. Mnazikumbuka, kila nyumba ilikuwa nayo chini ya meza ya sebuleni. Kurasa zimekuwa kahawia kama zimekaangwa. Plastiki imegandana na picha. Picha ya darasa lake la kwanza kufundisha, anataka kuitoa ampelekee mwanafunzi wake wa zamani, haitoki. Ameshajaribu na kisu cha mezani, kona imechanika, amelia.

Nilimkalisha chini. Kwanza tulipiga picha kila ukurasa kwa simu kama ulivyo, kabla ya kugusa chochote. Kumbe simu nayo ina kazi yake! Kisha nikachukua uzi wa kusafishia meno, nikauingiza nyuma ya picha kwenye kona, nikawa nauvuta taratibu kulia na kushoto, kama msumeno usio na haraka. Nyingi zilitoka. Mbili ziligoma, na zilipogoma tuliacha. Picha ikikataa, unaacha. Ile nakala ya simu ndiyo itakayosafishwa upya studio.

Yule mwalimu hakufanya kosa lolote. Albamu ile iliuzwa dukani kwa bei nzuri ikiwa na maua juu. Kwa hiyo tujue tunachowabandikia watu. Selotepu ya kawaida, hapana: inageuka njano, gundi yake inatoka na kuacha doa. Gundi ya mpira, hapana. Gundi ile ya kushika papo hapo, ya kuungia viatu, hapana kabisa. Plastiki laini yenye harufu kali, ile ya PVC, isilale juu ya picha. Gazeti lisiguse picha, linageuka njano na kuiambukiza. Ukitaka habari ya gazeti, toa kopi kwenye karatasi nyeupe. Na bahasha za kaki, ambazo najua mnazipenda kwa sababu zinapendeza kwenye picha za mtandaoni, zitumieni, lakini kati ya kaki na picha weka kadi nyeupe nzuri.

Basi tushikishe na nini? Picha yenyewe, sishikishi na gundi. Naishikisha kwa kona. Na kona hizo usinunue. Chukua bahasha iliyoharibika, kata ncha zake za chini, pembetatu ya sentimita mbili. Tayari ni kifuko! Vaa kwenye kona ya picha, paka gundi mgongoni mwa kifuko, bandika. Picha inashikwa bila kuguswa na gundi, na siku ikitakiwa inatoka. Bahasha moja inakupa kona mbili, na ukiiziba mdomo inakupa nne. Yule mwalimu angekuwa na kona hizo, asingelia.

Kwa bawaba na mgongo, gundi nyeupe ya mafundi seremala, kidogo, isambaze kwa kadi. Kwa kitambaa na karatasi, uji wa unga wa ngano unatosha: kijiko kimoja cha unga, vijiko vitano vya maji baridi, koroga usibaki na madonge, bandika motoni huku unakoroga mpaka uwe mzito na ung'ae. Utumie siku hiyo hiyo, joto letu linauchachusha. Na ukauke vizuri, kwa sababu mende nao wanaupenda. Kuna mwandishi wa Kimarekani, Mark Twain, mwaka 1873 alipata hataza ya kitabu cha kubandikia ambacho kurasa zake zilikuja na gundi tayari, unalowesha tu. Mtu aliyechoka kuchafuka mikono, bila shaka. Lakini hapa kwetu, na unyevu huu wa pwani, kitabu hicho kingejibandika chenyewe kabla hakijafika nyumbani.

Unyevu ni adui wetu mkubwa kuliko gundi. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, msivitupe. Wekeni kimoja kwenye mfuko wa albamu unapoikabidhi, na mwambie mteja akiweke mbali na watoto.

Kuhusu mapambo niseme kwa ufupi, maana hapo nyie ni walimu wangu. Kukata picha na kuipanga upya si uhuni. Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio yake Lamu, alijulikana kwa kuchukua picha za watu na kuziunganisha ndani ya maumbo na mapambo mengine mpaka ikawa kitu kipya kabisa. Ila mkasi ukate kopi. Picha halisi, hasa ya zamani, haikatwi hata ukingo. Glita, mimi siipendi, inahama inakwenda kukwaruza uso wa picha ya jirani. Mwenye kuipenda aiweke kwenye jalada.

La mwisho, na ni fupi, ila nikipewa nafasi ya kusema moja tu ningelisema hili: andikeni majina.

Niliwahi kuletewa picha nyeusi na nyeupe ya wasichana wanne wamesimama mbele ya pazia la studio, wamevaa sare moja. Nyuma kuna muhuri wa studio. Familia nzima ilikusanyika. Wa kwanza kushoto, bibi. Wa pili, dada yake. Wa nne, shangazi wa Tanga. Wa tatu? Kimya. Mzee mmoja akasema labda jirani. Mwingine akasema hapana, huyu ndiye aliyekuwa aolewe na babu. Wakaanza kubishana, na aliyejua alishafariki. Muhuri ulitueleza picha ilipigwa wapi. Hakuna aliyeandika waliopigwa ni nani.

Sasa nyie mnaandika vizuri kuliko watu wote mjini. Miandiko ya kadi zenu nimeiona. Kwa nini mkono huo uandike "Karibuni Nyote" kwenye kadi ya kutupwa, halafu ukae kimya kwenye albamu? Andikeni. Nani, wapi, mwaka gani, na anaitwaje nyumbani, si jina la cheti tu. Karatasi za picha za siku hizi mgongo wake una plastiki, penseli haishiki na kalamu inafutika na kuchafua picha ya chini yake. Kwa hiyo andika kwenye kadi, kwenye ile pambizo, kabla hujaweka picha. Na mteja akikuambia "majina nitayaandika mwenyewe nyumbani", mkatalie. Hataandika. Mkalishe, mpe chai, akutajie mmoja mmoja.

Nimeulizwa bei wakati nakaribishwa, nikasema nitajibu. Usihesabu bahasha. Ukihesabu bahasha na manila utaona umetumia hela ya vocha, utauza kwa hela ya vocha, na mwezi ujao utaacha. Hesabu saa ulizokaa, pamoja na ile ya kumsikiliza mteja akitaja majina, maana hiyo ndiyo inayochosha kuliko zote. Ukishindwa kupata mteja wa kulipa hivyo, tengeneza ya mama yako kwanza. Waliokuja kumtembelea ndio waliokuwa wateja wa kwanza wa wengi wetu.

Mwenyekiti ananinyooshea simu. Ninamaliza.

Mezani kuna rula tano na visu vitatu, kwa hiyo tutapokezana, na kisu kinarudi kikiwa kimefungwa. Uji uko kwenye sufuria, mtu mmoja auangalie usishike chini. Vijana wa nyuma, njooni mbele na bahasha zenu. Kila mmoja aanze kwa kupinda manila yake asikilizie nyuzi zimelala wapi, na mwenye kanga asikate mpaka nimeona jina linakaa upande gani wa jalada, nisije nikakuta lote limeingia mgongoni.

Asanteni sana.